Mcheza Kwao Hakutuzwa: Kisa cha Andy Ganteaume wa Trinidad

Wahenga wetu walisema, mcheza kwao hutuzwa. Maana yake wasomaji wetu wanaijua tangu utotoni. Mtu akiingia ngomani katika mji wake mwenyewe, mbele ya shangazi zake na wajomba zake, hakosi mkono wa kumtilia senti, wala hakosi sauti ya kumpigia kigelegele. Ugenini mtu aweza kucheza hata jasho likamwishia, na watu wakamtazama tu. Kwao hutuzwa.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji habari za mtu mmoja aliyecheza kwao, tena akacheza kupita wenzake wote wa upande wake, wala asituzwe. Alicheza mara moja tu kwa jina la nchi yake. Siku hiyo moja alifanya jambo ambalo wachezaji wengi waliocheza miaka kumi hawakulifanya. Kisha akaambiwa, kwa kimya kuliko kwa maneno, kwamba yatosha. Jina lake ni Andy Ganteaume, mzaliwa wa Port of Spain, mji mkuu wa kisiwa cha Trinidad, na mchezo wenyewe ni kriketi.

Hapana shaka baadhi ya wasomaji watauliza: Kriketi ina nini nasi? Katika miji yetu ya pwani na ya bara mchezo huo, kwa miaka mingi, ulikuwa wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, na wengi wetu tuliutazama kwa mbali, kutoka nje ya ua wa Gymkhana. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza tuwakumbushe wasomaji kwamba mwaka 1996, katika mashindano ya Kombe la Dunia huko Pune, vijana wa Kenya waliwashinda hao hao West Indies, waliokuwa wafalme wa mchezo huo, na kuwatoa wote kwa mbio 93 tu. Kwa hiyo mtu asiseme tena kwamba mchezo huu si wa watu wa nchi zetu. Na kisa cha Ganteaume si kisa cha mpira na gongo peke yake. Ni kisa cha kazi na malipo yake, na cha nani anayeshika mizani wakati kazi ya mtu inapopimwa.

MCHEZO WENYEWE

Kwa faida ya wale wasioujua, tutaueleza mchezo kwa maneno machache. Watu kumi na mmoja hupambana na watu kumi na mmoja. Upande mmoja hupiga, upande wa pili hurusha mpira na kuudaka. Mpigaji husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini, na kazi yake ni mbili: kuvilinda vijiti hivyo visiangushwe, na kuupiga mpira mbali ili yeye na mwenzake wapate kukimbia kutoka upande huu hadi ule. Kila mkimbio mmoja ni alama moja, nazo huitwa mbio. Mpira ukifika mpakani kwa kubiringika, huwa mbio nne bila kukimbia. Mpigaji akitolewa, haingii tena mpaka zamu ya pili ya upande wake. Mtu akifikisha mbio mia katika zamu moja, watazamaji husimama na kumpigia makofi, kwa maana ni kazi kubwa inayotaka macho, miguu na, zaidi ya yote, uvumilivu.

Mashindano makubwa ya nchi kwa nchi huitwa Testi. Katika mfululizo tunaousimulia, kila Testi ilipangiwa siku tano. Katika siku tano hizo upande waweza kushinda, kushindwa, au wakati ukaisha pasipo mshindi. Jambo hili la wakati msomaji alishike, maana ndilo lililotumiwa baadaye kama hati ya mashtaka.

HALI YA KISIWA

Mwaka 1948 Trinidad ilikuwa koloni la Mwingereza. Haikuwa zamani tangu wafanyakazi wa visima vya mafuta walipogoma mwezi wa Juni mwaka 1937, wakiongozwa na Tubal Uriah Butler, na damu ikamwagika huko Fyzabad. Mwaka 1946 ndipo watu wazima wote wa kisiwa, wenye mali na wasio na mali, walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Watu walikuwa wameanza kuinua vichwa. Lakini si kila mlango ulikuwa umefunguka, na miongoni mwa milango iliyokuwa migumu kufunguka ni ule wa kriketi.

Mwandishi maarufu wa kisiwa hicho, Bwana C.L.R. James, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji katika ujana wake, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1963, Beyond a Boundary, jinsi klabu za Port of Spain zilivyokuwa zimepangwa kama ngazi ya nyumba. Juu kabisa ilikuwa klabu ya Queen's Park, ya matajiri na ya Wazungu kwa sehemu kubwa, yenye uwanja wake mkubwa na yenye kushika hatamu za mchezo katika kisiwa. Klabu ya Shamrock ilikuwa ya Wakatoliki wenye asili ya Kifaransa. Maple ilikuwa ya watu wa rangi ya maji ya kunde, wenye elimu na kazi za heshima. Shannon ilikuwa ya Waafrika walimu na makarani. Na Stingo ilikuwa ya mafundi na wachapa kazi, wasio na cheo wala jina. Kijana aliponunua gongo lake la kwanza, alikwisha kujua ni mlango upi atakaofunguliwa na ni upi atakaoupita kwa nje.

Na juu ya ngazi hiyo kilikuwapo kiti kimoja kilichowekewa ulinzi kuliko vyote, nacho ni kiti cha nahodha wa West Indies. Tangu timu hiyo ilipoanza kucheza Testi mwaka 1928, ilikuwa kama sheria isiyoandikwa kwamba nahodha awe Mzungu. Mwaka huo huo wa 1948, katika Testi ya kwanza huko Barbados, George Headley wa Jamaica, mpigaji bora kuliko wote waliopata kutoka visiwani hadi siku hizo, alipewa unahodha. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza West Indies katika Testi. Aliumia katika mechi hiyo hiyo, na asiongoze tena. Kiti kikarudi mahali kilipokuwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hali ya mambo wakati Ganteaume alipoitwa.

SIKU TANO ZA MWEZI WA FEBRUARI

Andy Ganteaume alizaliwa tarehe 22 Januari 1921. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi kama walivyo wengi wa wasomaji wetu. Katika saa zake za mapumziko alikuwa mchezaji hodari, si wa kriketi tu bali wa mpira wa miguu pia, na kisiwa chake kilimteua katika michezo yote miwili. Katika kriketi alikuwa mlinda wiketi na mpigaji wa kufungua, yaani yule anayeingia wa kwanza, mpira ukiwa mpya na mgumu na warushaji wakiwa bado na nguvu zao zote. Hiyo si kazi ya mtu wa pupa.

Wageni wa Uingereza walipofika Trinidad chini ya Bwana Gubby Allen, Ganteaume alicheza dhidi yao kwa timu ya kisiwa na kupiga zaidi ya mbio mia. Hata hivyo, hakuitwa katika Testi kwa ajili ya mia hizo peke yake. Jeff Stollmeyer, mpigaji wa kufungua aliyekuwa mwenye nafasi hiyo, aliumia, na nafasi ikawa wazi. Ndipo Ganteaume akatiwa, akiwa na miaka ishirini na saba na majuma machache.

Mechi ilianza tarehe 11 Februari 1948 katika uwanja wa Queen's Park Oval, nyumbani kwake. Nahodha wa West Indies katika mechi hiyo alikuwa Bwana Gerry Gomez, naye pia wa Trinidad. Waingereza walipiga kwanza wakapata mbio 362. Katika hizo, 140 zilipigwa na mtu mmoja, Bwana Billy Griffith, mlinda wiketi aliyetiwa kufungua kwa sababu wenzake wengi walikuwa majeruhi. Griffith naye ilikuwa Testi yake ya kwanza, tena hakuwa amepata kupiga mia katika mchezo wowote wa daraja la kwanza. Alisimama uwanjani muda wa saa zipatazo sita. Magazeti ya kwao yalimsifu kwa moyo wake wa kishujaa, na kwa haki kabisa yalimsifu.

Ikawa zamu ya wenyeji. Ganteaume aliingia pamoja na George Carew wa Barbados. Wawili hao walipiga bila kutengana hadi hesabu ikafika mbio 173, ndipo Carew akatoka akiwa na mbio 107. Ganteaume akaendelea. Hakuwa mtu wa kurusha mipira mawinguni. Aliulinda mlango wake, akachagua mpira wa kupiga na mpira wa kuuacha, na mbio zikaja moja moja na mbili mbili, kama mwashi apangavyo matofali. Akafikisha mia, akapita. Wasomaji wafikirie jambo hilo: kijana wa mji, katika uwanja wa mji, siku ya kwanza ya maisha yake katika jezi ya nchi yake, amefikisha mia mbele ya watu waliomjua tangu akicheza vichochoroni. Kama kuna siku mcheza kwao alistahili kutuzwa, siku ile ilikuwa ndiyo.

Lakini kilichomfikia uwanjani hakikuwa tuzo. Kilikuwa kikaratasi. Wakati Ganteaume na kijana Frank Worrell, ambaye naye alikuwa katika Testi yake ya kwanza, walipokuwa wakipiga pamoja, nahodha Gomez aliwapelekea maandishi kuwaambia kwamba saa zinakwenda, kwamba timu iko nyuma ya wakati, na kwamba yapasa waongeze mwendo. Ganteaume alikitunza kikaratasi hicho. Katika kitabu chake cha maisha, kilichotoka mwaka 2007, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi, alikitoa watu wakakisoma.

Ganteaume alitoka akiwa na mbio 112, baada ya kupiga kwa muda wa saa nne na nusu hivi. Worrell alitoka na 97. West Indies wakafikisha 497, na hapana mtu wa upande wao aliyempita Ganteaume. Waingereza wakapiga tena wakapata 275. Wenyeji walikuwa wanahitaji mbio 141 ili washinde, na wakati uliobaki ulikuwa saa moja na dakika chache tu. Wakajaribu kwa haraka, wakapoteza wapigaji watatu kwa mbio 72, na muda ukaisha. Ganteaume hakuitwa kupiga katika haraka hiyo. Mechi ikaisha bila mshindi, tarehe 16 Februari.

Testi iliyofuata ilichezwa British Guiana. Katika orodha ya wachezaji jina la Ganteaume halikuwamo. Iliyofuata ikachezwa Jamaica. Halikuwamo. West Indies walishinda mechi zote mbili, na kwa mshindi ni vigumu mtu kuuliza swali. Kisha timu ikasafiri kwenda Bara Hindi mwishoni mwa mwaka huo huo. Halikuwamo. Siku zikawa miezi, miezi ikawa miaka, na mia ya Ganteaume ikabaki peke yake.

HOJA ZA PANDE MBILI

Sisi hatupendi kuhukumu bila kusikiliza pande zote mbili. Basi na tuweke wazi hoja ya waliomwacha.

Walisema kwamba alikuwa mzito. Walisema kwamba mechi ile ingaliweza kushindwa na wenyeji lau kama mbio zingalipatikana mapema, na hesabu ya saa ya mwisho inawapa nguvu kidogo. Mbio 141 zilikuwa karibu, wakati ndio uliokosekana. Wangeweza pia kusema kwamba Stollmeyer alipopona alikuwa mpigaji mzuri kweli kweli, na kwamba yeye pamoja na Allan Rae wa Jamaica walikuja kuwa jozi ya kufungua ambayo West Indies haikuwa na bora kuliko hiyo katika miaka iliyofuata. Hayo yote ni kweli, nasi hatuyafichi. Wala hatusemi kwamba nahodha Gomez alitenda uovu kwa kuandika kikaratasi. Nahodha ana haki ya kuwahimiza watu wake.

Lakini je, hoja hiyo inasimama ikisukumwa? Upande uliopata mbio 497 hauwezi kuitwa upande uliolala. Carew na Ganteaume waliondoka pamoja, wakafika 173 pamoja, na mzigo wa mwendo ule waliubeba wote wawili. Tena kazi ya mpigaji wa kufungua ni kuwachosha warushaji ili wanaomfuata wapige kwa raha. Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka. Griffith wa Uingereza alisimama zaidi ya Ganteaume, akaitwa shujaa, na baadaye akapewa Testi mbili nyingine huko Afrika ya Kusini. Hakuna aliyempelekea hesabu ya saa. Mizani ile ile, vipimo viwili.

Ganteaume mwenyewe aliamini hadi uzee wake kwamba uzito wa mwendo ulikuwa kisingizio. Aliamini kwamba hakuwa mtu wa nyumba ile. Hakuwa wa watu wakubwa waliojuana kwa majina ya nyumbani, waliokutana katika klabu zao na kukubaliana kabla ya kikao kuitwa. Hapana hati iliyoandikwa inayosema, “Ganteaume asichezeshwe kwa sababu ya tabaka lake.” Mambo ya namna hiyo hayaandikwi. Ndiyo maana ni magumu kuyashtaki, na ndiyo maana hudumu miaka mingi.

Kuna jambo jingine tunalotaka msomaji alipime. Katika mfululizo ule ule wa 1948 alikuwapo kijana wa Barbados, Everton Weekes, mtoto wa familia maskini. Katika mechi zake za kwanza hakufanya vizuri, na kwa Testi ya mwisho huko Jamaica alikuwa amekwisha kuachwa. Headley akaumia, Weekes akaitwa kwa haraka kuziba pengo, na akapiga mbio 141. Kutoka hapo akaenda Bara Hindi na kupiga mia nyingine nne mfululizo, na hesabu hiyo ya mia tano katika zamu tano za Testi zilizofuatana haijapata kufikiwa na mtu. Akawa mmoja wa wapigaji wakubwa wa dunia, na Malkia akampa cheo cha Sir.

Sisi hatumwonei wivu Weekes. Tunauliza tu. Kama Headley asingaliumia, nani angalijua kwamba ndani ya kijana yule zilikuwamo mia tano? Na kama Ganteaume angalipewa zamu ya pili, nani ajuaye kilichokuwamo ndani yake? Huenda angalishindwa. Wengi hushindwa. Lakini mtu aliyeshindwa baada ya kujaribiwa ni mmoja, na mtu aliyezuiwa asijaribiwe ni mwingine. Wa kwanza hana la kulalamika. Wa pili hubeba swali lake mpaka kaburini.

MWAKA WA 1957

Mtu angefikiri kwamba kisa kimekwisha, kumbe bado. Mwaka 1957, baada ya miaka tisa, Ganteaume akiwa na miaka thelathini na sita, aliitwa tena, akapandishwa meli kwenda Uingereza pamoja na timu. Safari hiyo iliwaendea vibaya West Indies, wakafungwa Testi tatu bila kushinda hata moja. Wapigaji wa kufungua walikuwa shida kubwa ya safari nzima, hata ikabidi Worrell mwenyewe, ambaye si mpigaji wa kufungua, akaifanye kazi hiyo. Nafasi ya mlinda wiketi nayo ilikuwa shida. Katika Testi tatu za kwanza alipewa Rohan Kanhai, kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupiga.

Basi timu ilihitaji mtu wa kufungua, na ilihitaji mtu wa kulinda wiketi. Na mle ndani ya timu alikuwamo mtu aliyejua kazi zote mbili, na aliyekuwa na mia katika Testi pekee aliyoicheza. Alicheza mechi ndogo ndogo dhidi ya timu za wilaya. Katika Testi zote tano hakuitwa hata mara moja. Hatudai kwamba umri haukuwa hoja. Ulikuwa hoja. Lakini ilikuwaje hoja ya umri imfikie mtu ambaye alipokuwa kijana aliambiwa hoja ya mwendo?

HESABU ISIYOFUTIKA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limelifanya jina la Ganteaume lisipotee. Katika kriketi, ubora wa mpigaji hupimwa kwa wastani. Mbio zake zote hugawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Mwenye sifa kuu katika dunia ni Don Bradman wa Australia, ambaye aliacha kucheza mwaka ule ule wa 1948, mwezi wa Agosti, akiwa na wastani wa 99.94. Alihitaji mbio nne tu katika zamu yake ya mwisho ili afikishe mia kamili, akatolewa bila mbio hata moja.

Andy Ganteaume alipiga mara moja, akatolewa mara moja, akapata 112. Wastani wake ni 112.00. Kwa muda wa miaka 71 hapana mpigaji wa Testi aliyekuwa na wastani mkubwa kuliko wake, mpaka mwaka 2019 Kurtis Patterson wa Australia alipopata mbio 144 katika Testi mbili huku akitolewa mara moja tu. Kweli, wenye kuweka hesabu hutaka mchezaji awe amepiga angalau mara ishirini kabla ya kumtia katika orodha kuu, na kwa kipimo hicho Bradman ndiye mfalme. Nasi hatusemi kwamba Ganteaume alikuwa mkubwa kuliko Bradman. Tunasema kwamba wale waliodhani wamemfuta katika kitabu walimwacha kileleni mwa ukurasa, na kila mtoto aliyekifungua kitabu aliuliza, “Huyu ni nani, na mbona alicheza mara moja tu?”

KIKAO NA GAZETI

Tumesema tutajibu swali la nini kriketi ina nasi. Jibu la kwanza ni hili. Kiti cha nahodha, kile kilichowekewa ulinzi, hakikufunguka chenyewe. Bwana James, aliporudi Trinidad mwaka 1958, alipewa uhariri wa gazeti la chama cha People's National Movement, liitwalo The Nation. Katika kurasa za gazeti hilo la chama alipiga kelele toleo baada ya toleo, akidai kwamba Frank Worrell awe nahodha, na kwamba kumchukua mtu kama Worrell na kumweka chini ya wengine kwa sababu ya rangi yake ni aibu kwa nchi inayotaka kujitawala. Mwaka 1960 Worrell alipewa unahodha kwa safari ya Australia. Timu ilifungwa kwa kiasi kidogo, lakini ilicheza kwa namna iliyowafurahisha watu hata wakazi wa Melbourne wakajaza barabara kuwaaga. Mwaka 1962 Trinidad ikawa nchi huru.

Wasomaji waone jinsi mambo yanavyofungamana. Worrell, aliyetoka na 97 siku ile ya Port of Spain, mbio tatu pungufu ya mia, alifika juu ya mlima, na alistahili kufika. Mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, akiwa na kikaratasi kimoja kwa wote wawili, alibaki bondeni. Tofauti kati yao haikuwa siku ile. Ilikuwa kwamba mmoja alipewa siku nyingine, na mwingine hakupewa.

Jibu la pili latuhusu sisi kila siku. Kila mahali pa kazi, iwe karakana, bandari, ofisi, chama cha wafanyakazi au tawi la chama chetu, wapo watu walioshika mizani. Wao ndio wanaosema nani apande na nani abaki. Mizani hiyo yaweza kuibwa bila mtu kuiba senti moja. Huibwa pale sharti linapotamkwa baada ya kazi kwisha. Huibwa pale mtu mmoja anaposifiwa kwa jambo lile lile ambalo mwenzake analaumiwa. Na huibwa pale mtu anapoachwa bila kuambiwa sababu usoni pake, akaambiwa na ukimya.

Sisi tunasema, anayeteuliwa kuwapima wenziwe aseme kipimo kabla. Akipima, apime kwa wote. Na akimkataa mtu, amwite amweleze, hata kama maelezo ni machungu. Mfanyakazi aweza kuvumilia hukumu kali. Asichoweza kuvumilia ni hukumu isiyotamkwa.

Andy Ganteaume hakuuacha mchezo uliomwacha. Baada ya siku zake za kucheza alifanya kazi ya kuteua wachezaji na kusimamia timu, akashika mwenyewe ile mizani aliyopimwa nayo. Alifariki tarehe 17 Februari 2016, akiwa na miaka 95, siku moja baada ya kutimia miaka 68 tangu mechi yake ilipokwisha. Wengi waliokaa katika vikao vya kumwacha walikuwa wamekwisha kutangulia, na majina yao leo hayajulikani ila kwa wachache.

Mcheza kwao hutuzwa, na mwenye kucheza vizuri akikosa kutuzwa, aibu si yake, ni ya mji. Ganteaume alifanya kazi aliyopewa, aliifanya mbele ya watu wake, na hesabu yake haikuwa na doa. Sisi, kwa mkono uliochelewa na kutoka mbali, tunamtilia senti yetu.